Kusi, Kipupwe na Hatari ya Maji



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, upepo wa kusi ukashika nguvu na baridi ya kipupwe ikaanza kuingia majumbani, nyoyo zetu hutulia kwa jambo moja lisilostahiki kutuliwa. Twajiambia ya kuwa msimu wa kuoga baharini umekwisha. Watoto hawatamani maji tena, watamani shuka na kikombe cha chai. Basi khofu ya kuzama na ikae kando mpaka kaskazi irudi. Fikira hii twaiona kuwa ni kosa, na mwezi huu tumependa kuzungumza nanyi juu yake, kwa sababu ni kosa linaloua.

Hatari ya maji haiondoki pamoja na joto. Huhama. Wakati wa joto hukaa ufukoni, mbele ya macho ya watu wengi, na kila mzazi huiona. Wakati wa baridi huingia ndani ya nyumba, katika beseni na ndoo. Hukaa kimya katika mashimo yaliyojazwa na masika. Na hupanda pamoja nasi katika vyombo vinavyovuka bahari iliyochafuka. Mahali pote hapo ni pale ambapo hatukuzoea kuwa macho.

Ili msomaji ajue ukubwa wa jambo hili, yatosha kumtajia hesabu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Shirika hilo lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2021 peke yake watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa ni watu wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Na karibu robo yao walikuwa ni watoto wasiotimia miaka mitano. Mwaka huo huo wa 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka iwe siku ya kukumbushana juu ya kujikinga na kuzama. Tarehe hiyo kwetu sisi huangukia katikati ya kipupwe, wakati kusi iko katika nguvu zake. Kama kwamba tumetafutiwa siku inayotufaa.

Wako miongoni mwetu ambao wakisikia khabari za namna hii husema, "Siku yake ilikuwa imefika." Na wengine huongeza, "Aliyekufa maji ni shahidi." Maneno yote mawili ni ya kweli. Umri wa mja uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari aliyekufa kwa kuzama amehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Lakini faraja hii wamepewa wafiwa, ili nyoyo zao zipate pa kutua. Hakupewa mtu aliyeacha kisima wazi mpaka mtoto wa jirani akatumbukia, wala nahodha aliyepakia watu kupita kiasi. Mbele ya Mola marehemu ana daraja yake, na aliyezembea ana hesabu yake.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 195, imetukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Na kisa cha mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutegemea, kilichopokewa na Tirmidhi, hakuna mtoto wa chuoni asiyekijua: aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi na tumtazame huyo ngamia wetu wa kipupwe, tuone kamba zake zifungwe wapi.

Tuanze nyumbani.

Asubuhi ya kipupwe mama humkogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu. Beseni liko uani au msalani, na sufuria ya maji ya moto iko jikoni. Maji yakianza kupoa, mama huinuka kwenda kuongeza ya moto. Ni hatua kumi za kwenda na kumi za kurudi, na katikati ya hatua hizo huenda mgeni akabisha hodi, au simu ikalia, au chungu kikafurika. Mtoto mchanga aliyeachwa ameketi katika beseni akiteleza hawezi kujiinua. Hahitaji maji mengi: yanatosha maji ya sentimita chache, yenye kufunika pua na mdomo. Tena dakika chache zikipita bila ya pumzi, ubongo huanza kudhurika.

Ndoo nayo ina hatari yake. Kichwa cha mtoto aliyeanza kutambaa na kusimama ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake. Akiinamia ndoo ili achezee maji, huelemewa akaingia kichwa mbele, na mikono yake haina nguvu ya kumtoa. Ndoo iliyojaa haianguki naye, kwani maji yaliyomo huishikilia isimame. Na nyumba zetu nyingi, kwa sababu maji ya mfereji hukatika, hazikosi ndoo, madumu, mapipa na matangi yaliyojaa usiku na mchana.

Dawa ya hayo haina gharama. Kwanza, maji yote ya kumkogesha mtoto, ya baridi na ya moto, yawekwe tayari na yachanganywe kabla mtoto hajavuliwa nguo. Pili, mama akilazimika kuondoka, aondoke na mtoto, hata kama ana povu mwilini. Asimwachie ndugu yake wa miaka mitano, kwani mtoto hachungwi na mtoto. Tatu, beseni likishatumiwa limwagwe na lifudikizwe. Nne, mapipa na matangi yawe na vifuniko vizito, na mlango wa msala uwe na komeo juu, pasipofikiwa na mkono wa mtoto. Tano, kisima kijengewe ukuta unaofika kiunoni mwa mtu mzima, kiwe na kifuniko na kufuli. Na kile kilichokauka au kuachwa kifukiwe. Karo na shimo la choo vivyo hivyo: ubao uliooza juu ya shimo ni mtego.

Na tusimsahau mgonjwa wa kifafa, kwani aghlabu husahauliwa. Kifafa kikimjia mtu akiwa ndani ya maji, hata kidogo, huweza kuwa ndio mwisho wake. Asioge na mlango umefungwa kwa komeo. Na aoge kwa kata, akiwa ameketi, asijitumbukize katika maji yaliyojazwa. Asitumwe kuteka kisimani peke yake. Hili si la kumwonea haya, ni la kumpenda.

Hapa pana jambo ambalo twataka kila mzazi alijue. Wahenga wetu walisema ya kuwa mfa maji haachi kutapatapa, nasi kwa kuyasikia maneno hayo tumedhani kwamba anayezama lazima apige kelele na kurusha maji huku na huku, ili tumsikie tumkimbilie. Mara nyingi sivyo ilivyo. Anayezama kweli pumzi yake haimtoshi, seuze sauti. Mdomo wake huzama na kuibuka, na kila uibukapo hutafuta hewa. Hauna nafasi ya kuita. Mikono yake hukandamiza maji ubavuni, haipungi. Kwa mtu aliye mbali huonekana kama asimamaye majini na kutazama juu. Kisha, pengine kabla ya dakika moja kutimia, hutoweka. Kwa hiyo ukimya wa mtoto aliye karibu na maji usitupe utulivu. Ndio hasa utukimbize.

Huko Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu yenye mito na mabwawa kila upande, ilionekana ya kuwa watoto wengi wadogo huzama katika bwawa lililo hatua chache tu na nyumba, na zaidi wakati wa asubuhi, mama anapokuwa katika shughuli za nyumba na baba amekwenda kazini. Wakaanzisha vijijini vituo vidogo vya kulelea watoto, ambako mwanamke mmoja wa kijiji aliyefundishwa huwachunga watoto kwa saa hizo za asubuhi, na vifo vya kuzama vikapungua sana. Je, mtaa wetu hauwezi kufanya hivyo? Majirani watatu wakipeana zamu, mmoja akachunga watoto wa wote huku wawili wakipika na kufua, pamekuwa na kituo bila ya jengo wala fedha.

Tukitoka nyumbani, tukutane na mashimo. Masika hukoma mwezi wa Mei, lakini maji yake hayakomi siku hiyo. Hubaki katika mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, katika machimbo ya mawe na mchanga, na katika malambo ya kunyweshea ng'ombe. Na miezi hii ndiyo ambayo watoto hufunga shule: wa Tanzania mwezi wa Juni, na wa Kenya mwezi wa Agosti. Kijana mwenye nafasi, ndoana na rafiki wawili huyajua mashimo yote ya mtaa kuliko baba yake. Huenda kuvua, huenda kufua nguo, huenda kumfuata mbuzi. Kingo za mashimo hayo ni za utelezi, na chini yake hapana mteremko: hatua moja maji yako magotini, ya pili yamepita kichwa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na tena kijana aliyevaa sweta na suruali nzito kwa ajili ya baridi, nguo zake zikilowa humwelemea kila anapotaka kujiinua atoke.

Msiba wa mashimoni una sura yake ya kusikitisha kuliko mingine: mara nyingi hauondoki na mmoja. Wa kwanza huteleza. Ndugu yake hujitupa amwokoe. Na wa tatu humfuata wa pili. Hivyo nyumba moja huweza kutoa jeneza mbili au tatu kwa siku moja, na waliofuata walikufa kwa mapenzi na ushujaa, hali ya kuwa fimbo ndefu ingaliwatosha. Juu ya fimbo hiyo tutazungumza punde hivi. Lakini wenye mashimo, yaani wakandarasi, wachimbaji na wenye mashamba, twawakumbusha ya kuwa shimo alilolichimba mtu kwa faida yake ni juu yake kulifukia au kulizungushia ua. Na wazee wa mtaa wana haki ya kumwendea na kumdai hilo kabla ya msiba, wasingoje mpaka wamwendee baada yake.

Sasa na tuiendee bahari. Kusi huanza kuvuma kiasi cha Aprili, na nguvu zake huwa kubwa zaidi baina ya Juni na Agosti. Wazee wetu wa majahazi walijipangia mwaka wao kwa pepo hizi. Walijua siku ya kutweka na siku ya kukaa bandarini wakishona tanga. Sisi tuliopewa mashine tumedhani ya kuwa mashine imetuondolea haja ya kuutazama upepo.

Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, chombo kiitwacho MV Skagit kiliondoka Dar es Salaam kikielekea Unguja. Hapo zamani kilikuwa kikichukua abiria katika maji yaliyokingika ya Puget Sound, huko Jimbo la Washington, Marekani. Karibu na kisiwa cha Chumbe kilikutana na upepo mkali na mawimbi makubwa ya kusi, kikapinduka. Waliokuwamo walikuwa karibu watu 290, na kiasi cha nusu yao tu ndio waliookolewa. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku zipatazo kumi baada ya Idi el-Fitri, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Chombo hicho kiliruhusiwa kuchukua abiria zaidi kidogo ya 600. Tume iliyoundwa kuchunguza ilisema ya kuwa waliokuwamo walipita 2,400. Upepo hauna lawama katika hesabu kama hiyo; hiyo ni hesabu ya mikono ya wanaadamu.

Hatuyataji haya ili kutonesha vidonda vya wafiwa. Twayataja kwa sababu miezi yetu ya Kiislamu huzunguka katika misimu yote, na katika miaka hii Idi el-Hajj imekuwa ikituangukia ndani ya kusi: mwaka 2023 ilikuwa mwishoni mwa Juni, 2024 katikati ya Juni, na 2025 mwanzoni mwa Juni. Basi watu wengi husafiri kwa haraka ya sikukuu, na bahari iko katika hali yake ya ukali. Kila mmoja ataka kula Idi kwao, na hakuna apendaye kuambiwa, "Chombo kimejaa, ngoja kesho."

Ni nini awezacho abiria? Anaweza mengi kuliko anavyodhani. Asikilize khabari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya safari; na wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, aahirishe. Akikiona chombo kimejaa, ashuke na aila yake, hata kama tiketi imeshalipwa: nauli hupatikana tena. Akiingia, jambo la kwanza, kabla ya kutafuta pa kuweka mizigo, aulize majaketi ya kuokolea yako wapi, na kama yako ya kimo cha watoto. Na ajifunze kulifunga lake na la mtoto chombo kingali bandarini, kwani gizani na katika mawimbi halifungiki. Jaketi huvaliwa juu ya buibui na juu ya koti, si ndani yake. Chombo kikiyumba, watu wasikimbilie upande mmoja. Na baba mwenye watoto wanne asiwakusanye wote mikononi mwake peke yake. Kila mtu mzima apewe mtoto wake wa kumshika.

Wako pia wasiopanda chombo, lakini bahari ndiyo shamba lao. Mama zetu wa Unguja na Pemba hutoka maji yakitoka, kufunga mwani na kutafuta chaza na pweza, na wengi wao hawajui kuogelea. Wakati wa bamvua bahari ya huko hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na maji ya kujaa hupitia kwanza katika vijito vilivyo nyuma ya mtu, akageuka na kukuta njia ya kurudi imefungwa. Upepo wa kusi huongeza mawimbi juu ya hayo. Wasitoke mmoja mmoja. Mmoja wao apewe kazi ya kuyaangalia maji. Na ishara ya kurudi ikitolewa, wote warudi, hata kama kikapu hakijajaa.

Wengi wetu tuna watoto na ndugu katika nchi za mbali, nao pia husoma kurasa hizi. Walioko Oman wajue ya kuwa mvua za kaskazini ya nchi hiyo hunyesha zaidi katika miezi ya baridi, na wadi iliyokuwa kavu huweza kugeuka mto kwa dakika chache. Maji yaendayo kasi, yakifika kiasi cha nusu mita tu, huweza kuliinua gari dogo na kulichukua. Basi hakuna shughuli inayostahiki kuvuka wadi iliyoshuka. Angoje ng'ambo hii mpaka maji yapungue.

Ama walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, maji yao yana adui ambaye sisi wa pwani hatumjui. Bahari yetu katika kipupwe haipungui sana kuliko digrii 25. Yao hushuka chini ya digrii 15, na mtu akitumbukia humo ghafla, kwa dakika moja au mbili za mwanzo hushikwa na kweche ya pumzi asiyoweza kuizuia. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, huvuta maji badala ya hewa. Hata mwogeleaji hodari hufa hivyo. Wanaofundisha uokoaji huko husema: usipigane na maji. Lala chali, rudisha kichwa nyuma, elea mpaka pumzi irudi, ndipo uite na uogelee. Na juu ya barafu ya mto au ziwa asitembee mgeni, wala asimfuate mbwa wala mpira. Barafu iliyombeba mtu hapa huwa nyembamba hatua tano mbele.

Sasa turudi kwenye fimbo yetu. Ukimwona mtu azama, piga ukelele wa kuomba msaada, kisha mnyoshee kitu: upondo, ufito, tawi, kilemba kirefu, kanga mbili zilizofungwa pamoja. Lala kifudifudi ukingoni unapomvuta, asije akakuvuta wewe. Akiwa mbali, mtupie kinachoelea. Dumu tupu la lita ishirini lililofungwa kizibo barabara na kutiwa kamba ni chombo cha uokozi cha maskini, na kila kisima, bwawa na gati ingefaa kuwa nalo, limetundikwa pasipochukuliwa kwa kazi nyingine. Kuingia majini kumwendea ni jambo la mwisho, na la aliyefundishwa. Anayezama humkumbatia yeyote amfikiaye na kumzamisha, naye hajui alifanyalo.

Akitolewa, hapa tuna desturi ambayo yafaa tuiache. Tumezoea kumning'iniza mtoto kichwa chini, kumzungusha, au kumkamua tumbo ili atapike maji. Kufanya hivyo hupoteza dakika anazozihitaji, tena huweza kuyaleta matapishi katika koo na kumziba. Anachokihitaji ni hewa. Mlaze chali mahali pagumu. Ikiwa hapumui, inua kidevu, ziba pua yake, weka mdomo wako juu ya mdomo wake na umpulizie pumzi mpaka uone kifua chapanda. Mara tano za mwanzo. Mtoto mchanga, funika mdomo na pua yake kwa pamoja, na pumzi iwe ndogo. Asipozindukana, kandamiza katikati ya kifua mara thelathini kwa nguvu na kwa haraka, kisha pumzi mbili, kisha thelathini tena, bila ya kuchoka, mpaka apumue au mpaka afike mganga. Mwengine wakati huo atafute gari. Na akizindukana, hata akisema ni mzima, apelekwe hospitali, kwani mapafu yaliyoingia maji huweza kumgeuka baada ya saa kadhaa. Haya hayafundishiki vyema kwa kusoma tu. Vijana wetu waende wakafundishwe na Chama cha Msalaba Mwekundu au hospitali iliyo karibu, na warudi kuwafundisha wengine msikitini na madrasani.

Mwisho twazungumza juu ya kuogelea. Katika hadithi iliyopokewa na Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa katika michezo isiyohesabiwa kuwa ni ya upuuzi. Hata hivyo sisi watu wa pwani na visiwani tumewafunza wana wetu wa kiume nusu nusu, na wa kike hatukuwafunza kabisa, kwa kuchelea sitara yao. Sitara ni haki, lakini haizuii elimu hii. Kaskazini ya Unguja, huko Nungwi, mradi wa Panje umewafunza wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, wakifundishwa na wanawake. Palipo na mwalimu mwanamke, vazi la heshima na ufuko uliotengwa, hapana hoja iliyobaki. Msichana yule yule ndiye atakayekuwa mama kesho, akipanda chombo na mtoto kifuani au akifunga mwani maji yakijaa. Tukimnyima elimu hii, tumewanyima wawili.

Msidhani kwamba juhudi kama hizi hazina matunda. Shirika la Afya Duniani limesema ya kuwa kati ya mwaka 2000 na 2021 kiwango cha vifo vya kuzama ulimwenguni kilipungua kwa asilimia 38. Hao walionusurika hawakubadilishiwa bahari wala mito. Walifunikiwa visima, walichungwa, walifundishwa, na vyombo vyao havikujazwa kupita kiasi.

Basi twawaomba, enyi baba na mama, mkimaliza kusoma ukurasa huu msiuweke chini kwanza. Zungukeni nyumba yenu, ndani na uani, muangalie kila chenye maji. Mwageni cha kumwagwa, funikeni cha kufunikwa. Na nyinyi vijana, tafuteni dumu, kizibo na kamba, mkavitundike kisimani kabla ya jua kuchwa. Kazi hiyo ni ya saa moja, na huenda ikawa ndiyo iliyoandikiwa kuwa sababu ya uhai wa mtu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliochukuliwa na maji, awape subira wafiwa wao, na awahifadhi watoto wetu nchi kavu na baharini. Amin.